Nendeni saiti mvua inanyesha

(Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa wahandisi na mafundi sanifu vijana. Wengi hamkufika kwa sababu mlikua saiti, na hiyo ni sababu nzuri kuliko zote, kwa hiyo nimekaa na rekodi ya simu nikaiandika yote. Nimetoa tu sehemu nilizokohoa.)

Habari za asubuhi jamani. Itifaki naomba muichukulie imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya waliokaa huku mbele tutafika saa ya chakula sijasema kitu, na mimi nimestaafu, chakula cha bure sikichezei.

Nimeambiwa niongee kuhusu maisha yangu ya kazi. Miaka 34 yote nimekua kwenye halmashauri na barabara na mitaro na vyoo vya shule, sijawahi kukaa wizarani hata wiki moja, kwa hiyo anayetaka mambo ya sera asubiri mzungumzaji wa mchana. Mimi nina mambo matatu tu.

Nilianza kazi 1984. Huo ndo mwaka ambao halmashauri za wilaya zilirudi. Wangapi hapa mnajua kwamba ziliwahi kuondoka? Naona mkono mmoja. Haya. Mwaka 1972 serikali ilizivunja ikasema madaraka yanapelekwa mikoani, miji ikakaa bila mwenye nyumba, mpaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe, sheria za wilaya na miji zikaja 1982, na sisi wa wilayani tukaanza kazi 84. Sasa nimetoka Mlimani, nimepita JKT, najua mchakamchaka na najua hesabu za boriti, nikadhani nimekamilika. Nafika wilayani, Kanda ya Ziwa huko, naoneshwa ofisi: meza moja, kiti kimoja, na nje kuna greda limekaa juu ya mawe, matairi hamna. Saruji kipindi kile ilikua kwa kibali, ukipata mifuko 40 unalala nayo stoo kama mke mpya.

Nikamkuta nyapara mmoja wa genge la barabara, mzee, alianza kazi enzi za PWD, idara ya ujenzi ya mkoloni. Shule alikua amesoma kidogo sana. Siku ya pili nikamwambia mzee twende nikague barabara zangu, ilikua mwezi wa nane, vumbi hilo. Akaniangalia akasema, injinia, barabara usiikague kiangazi, kiangazi kila barabara ni nzuri. Nikacheka. Nilikua na cheti, yeye ana jembe, kwa nini nisicheke?

Vijana wangu, hotuba yangu yote ni hiyo sentensi ya yule mzee. Yanayofuata ni adhabu niliyopata kwa kuicheka.

Jambo la kwanza, maji yana kumbukumbu. Kulikua na korongo moja kwenye barabara ya kwenda makao makuu ya tarafa, barabara ya changarawe, inapita kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi mnaoujua, kiangazi unapasuka unaingiza mguu, masika unavimba kama andazi. Katikati ya miaka ya tisini tukapata hela ya kuweka kalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Nikachukua ramani ya moja kwa elfu hamsini, nikachora eneo linaloleta maji, nikapiga hesabu, nikapata mistari miwili ya kalavati za milimita 900 inatosha na chenji inabaki. Hesabu ilikua safi, hata leo ukinipa karatasi ile siwezi kukuonesha kosa. Wakati vibarua wanachimba akaja mzee wa pale kijijini anachunga mbuzi, akasimama, akauliza mbona mnaweka hapa? Nikamwambia mzee si ndo mto unapita hapa. Akasema hapa ndo unapolala, ukiamka unapita kule kwenye mkwaju. Mkwaju uko kama mita 60 hivi pembeni, pakavu, watu wamelima mtama. Nikamshukuru kwa adabu, nikaendelea na kazi.

Mnakumbuka mvua za El Nino? Wengine mlikua hamjazaliwa. Zilianza mwishoni mwa 1997 zikaingia 1998, nchi nzima ikakatika vipande, reli ya kati ilizolewa kule Kidete na Gulwe, barabara ndo usiseme. Usiku mmoja korongo langu likaamka. Asubuhi nafika, kalavati zangu zote mbili zipo, nzima, nzuri, hata ufa hamna. Zimekaa pale kavu kabisa kama sanamu! Na mto unapita kwenye mkwaju, upana wa kiwanja cha mpira, tuta la barabara limeondoka lote.

Ng'ambo kuna mama ana uchungu wa kuzaa, amewekwa kwenye kitanda cha kamba, wanatakiwa wamvushe aje hospitali ya wilaya huku kwangu. Tunaangaliana. Mimi injinia wa wilaya nimevaa buti nimeshika mwamvuli, na yule mzee wa mbuzi yupo pale pale amesimama karibu yangu na hakusema neno. Afadhali angesema. Wakaleta mtumbwi wa kuvulia kambare, ukashindwa, maji yana kasi. Mtoto alizaliwa palepale ng'ambo chini ya turubai, mama na mtoto wakapona, na mnajua wasukuma kwa majina, wakamwita Elinino. Huyo Elinino leo ni mtu mzima ana bodaboda yake. Kila nikimuona nalipa nauli mara mbili.

Sasa swali langu kwenu. Siku hizi mna droni, mna simu zinachora kontua, mna programu inapiga hesabu ya maji kwa dakika tano. Je, hiyo droni mnairusha mwezi gani? Na ukimaliza kuirusha unamuuliza nani mto unalala wapi na ukiamka unapita wapi? Angalieni takataka zilizonasa kwenye miti, angalieni mstari wa tope kwenye ukuta wa nyumba, ulizeni wachungaji na kinamama wanaochota maji. Hiyo nayo ni data. Na kama korongo ni pana na maji yanakuja mara mbili kwa mwaka, acheni kung'ang'ania kalavati, wekeni drifti ya zege, maji yapite juu kwa muda wa saa nne au tano alafu gari zipite. Sio ya kupigia picha, najua. Lakini asubuhi unaikuta.

Jambo la pili ni matengenezo. Naona mnaanza kusinzia, ndo tatizo lenyewe, neno likitamkwa tu watu wanasinzia. Nani amewahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu mtaro umezibuliwa? Nani amewahi kuona jiwe la msingi limeandikwa "hapa palifyekwa nyasi"? Hakuna! Lakini barabara ya changarawe, hata kama haijapigwa na mafuriko, inapoteza milimita 20 mpaka 30 za changarawe kila mwaka kwa magari na upepo na mvua, yani ukimwaga sentimita 15 ukaondoka zako, baada ya miaka mitano mpaka saba unaendesha juu ya udongo. Na kinachoua haraka kuliko vyote ni mgongo wa barabara kulala. Maji yakikosa pa kushukia yanakaa, gari linakanyaga, shimo linaanza, shimo linaita shimo.

Nitawapa kisa cha greda. Tulipata siku moja hela ya kuchonga kilomita 40, na kulikua na kata 20. Baraza la madiwani likakaa, likapiga hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza, kila kata kilomita mbili, tumemaliza, tuendelee na ajenda. Nikanyoosha mkono nikasema waheshimiwa, hii ni kama kumpa kila mtoto kipande cha shati, huyu mkono, huyu kola. Wakanicheka, nadhani diwani mmoja akasema injinia anatafuta sehemu ya kuiba. Basi tukachonga vipande. Mafuta yote yaliisha kwenye kusafirisha greda kutoka kata kwenda kata, na mwisho wa siku ukitoka mjini unapita vizuri kilomita mbili unazama, unapita vizuri unazama. Hakuna gunia hata moja la mpunga lililofika sokoni kwa urahisi zaidi.

Mwaka uliofuata sikubishana. Nilimwomba mkurugenzi, kamati ya ujenzi ifanye ziara yake ya ukaguzi mwezi wa nne. Zamani zilikua zinafanyika mwezi wa saba, hali ya hewa nzuri, posho nzuri. Tukapanda Landkruza mkonga, waheshimiwa saba na suti zao. Kilomita ya 11 tukazama. Wakashuka, wakasukuma. Kilomita ya 14 tena. Yule aliyesema natafuta sehemu ya kuiba kiatu chake kimoja mpaka leo kiko pale, wataalamu wa mambo ya kale watakuja kukichimba. Tumerudi mjini saa sita usiku. Kikao kilichofuata walipitisha barabara moja ichongwe mwanzo mpaka mwisho na makalavati yote yazibuliwe, na waliopiga kura ya ndio ni pamoja na madiwani ambao barabara haigusi kata zao. Sikua na ripoti, sikua na chati. Tope lilinisemea.

Alafu kuna vikundi. Miaka ya mbele tulijaribu kuwapa kinamama wa vijijini kazi ya kutunza barabara, kila kikundi kipande chake, kufyeka, kuzibua mitaro, kujaza mashimo madogo, wanalipwa kwa kazi iliyokaguliwa. Mwenyekiti wa kikundi kimoja alikua anajua kila kalavati kwa jina, la mwembeni, la shuleni, la kwa mganga. Simu zilipoingia ndo ikawa hatari, saa kumi na moja alfajiri ananipigia, injinia la kwa mganga limeziba, limejaa mabua. Na ng'ombe wa mtu akipita kwenye mtaro wake wanamfuata mwenye ng'ombe mpaka nyumbani. Ile barabara ilikaa miaka minane bila kumwagiwa changarawe mpya. Minane! Na huyo mama ndo alinifundisha kuacha kuweka kalavati za milimita 600. Aliniambia hizi ndogo mtu haingii, sisi tunazibua kwa kuingia, wewe ulizipima kwa akili ya nani? Akawa amemaliza. Toka siku ile nikawa naweka 900 hata pale hesabu inaponiambia 600 inatosha.

Kuhusu hela kuchelewa sitasema sana, wote mnajua. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kiangazi kizuri cha kufanya kazi, lakini mpaka hela ifike na tenda itangazwe na mkataba usainiwe ni Novemba, mvua hii hapa, na mkandarasi anashindilia uji. Dawa niliyoipata ni ndogo tu, kila Machi na Aprili nilikua nazunguka na daftari naandika kilichoharibika wapi na kwa nini, ili nyaraka za tenda ziwe tayari kabla ya Julai. Wenzangu walikua wanaandika bajeti kwa kunakili ya mwaka jana na kuongeza asilimia kumi.

Jambo la tatu ni saini yako. Hapa nitaongea taratibu kwa sababu hili linauma.

Miaka mingi iliyopita, sitasema wapi, ilikua tarehe 27 Juni. Mradi wa madarasa na vyoo uko kama asilimia 60 hivi, mwaka wa fedha unaisha tarehe 30, hela isipotumika inarudi Hazina. Mkubwa wangu akaniita, mtu mzuri tu, hakua mwizi, akaniambia injinia tuandikie cheti cha kazi yote, mkandarasi alipwe, atamalizia Julai, ama unataka watoto wakose madarasa? Mngefanya nini? Msijibu haraka. Hoja yake ilikua na mashiko, watoto kweli hawana madarasa, hela kweli itarudi.

Nilisaini.

Mkandarasi alilipwa, akaja siku mbili za Julai, akaondoka na mashine yake ya zege, simu ikawa haipatikani. Zile kuta zilisimama bila paa miaka miwili, mbuzi wanalala humo. Wakaguzi wakaja, hoja ya ukaguzi ikaandikwa, na jina lililokua kwenye karatasi lilikua moja tu. Yule mkubwa alikua ameshahama mkoa. Nilipata barua ya onyo na niliistahili. Lakini barua haikuniuma kama mwalimu mkuu wa ile shule, maana kila nikipita alikua ananisalimia vizuri sana, shikamoo injinia, na mimi ndo mdogo kwake. Mnaelewa mtu mzima akikuamkia maana yake nini.

Kwa hiyo mara ya pili nilikataa. Mwenge ulikua unakuja. Mnajua wilaya inavyokua Mwenge ukija, kila kitu kinapakwa chokaa, hata miti. Kulikua na daraja dogo linatakiwa lizinduliwe, sahani ya zege imemwagwa, zimebaki siku tisa, na fundi anaambiwa atoe mbao na nguzo za chini lionekane limeisha. Nikasema hapana. Vipande vya majaribio vya zege lile vya siku saba tumevipima havijafika nguvu inayotakiwa, tunasubiri vya siku 28. Nikaambiwa unahujumu Mwenge. Nikasema andikeni mnaniamuru, mimi nitatoa mbao dakika hiyo hiyo nikiwa na barua mkononi. Mnajua nini? Hakuna aliyeandika. Jamani, hakuna aliyeandika! Wenye amri za mdomo ni wengi, lakini kalamu inawatisha. Mwenge ukapita, ukazindua kisima, na watu wa Mwenge wenyewe walipoelezwa walisema mhandisi yuko sahihi.

Mtu ataniambia mzee hilo ni daraja la mita sita, unatia chumvi. Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi pale Dar, likaua watu 36. Nilikua nyumbani naangalia taarifa ya habari na nilichofikiria ni kwamba kila jengo la mjini lina karatasi zake, na kwenye karatasi kuna saini za watu kama sisi, tuliokaa kwenye meza kama zetu. Nilizima tivii nikaenda kukaa nje.

Nilisema matatu, naona mwenyekiti anaangalia saa, lakini mmeniuliza jana kuhusu TARURA, huu wakala wa barabara za vijijini na mijini, na sitaki kuondoka nimekwepa. Ilipozinduliwa Julai 2017 mimi nilikua nimebakiza mwaka mmoja. Nililia? Kidogo. Barabara zangu zote zimeondoka halmashauri. Madiwani walilalamika kwamba wananchi wanawalaumu wao na injinia sasa hawajibiki kwao, na kusema ukweli wana hoja, kwa sababu ile ziara ya tope nisingeweza kuifanya bila wao. Lakini na mimi niliyekatwa vipande vya shati najua kwa nini injinia alihitaji pumzi. Mtandao wenyewe ni zaidi ya kilomita 144,000 na sehemu kubwa ni ya udongo, ile shilingi mia kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa 2021 imesaidia, ila haiwezi kufika kila mahali. Ninachokipenda ni haya madaraja ya mawe, yalianza kwa nguvu Kigoma, na ninyi vijana mnayajenga mikoa mingine pia. Upinde wa mawe, hauna nondo, kila jiwe linamsukuma mwenzake na uzito unazidi kulibana, mawe ya palepale, mafundi wa palepale, gharama ndogo ukilinganisha na zege la nondo. Sisi tulikaa na mawe yetu miaka yote tunasubiri nondo za kibali! Hilo mmetushinda.

Namalizia. Mwaka jana mwezi wa nne nilikua natoka msibani, nimepanda basi dogo, linapita barabara ileile ya korongo. Mvua inanyesha kisawasawa. Tulipofika kwenye mkwaju nikamwomba dereva asimame. Sasa hivi pale kuna drifti ndefu ya zege, tuliijenga baada ya El Nino, mita 60 na ushee, na kalavati zangu mbili za zamani zipo pembeni, kavu, mbuzi wamejikinga mvua ndani. Nikashuka nikasimama na mwamvuli. Maji yalikua yanapita juu ya zege kama kiganja hivi, meupe kwa povu, yametandaza vizuri, upande wa kushukia mawe hayajachimbwa hata moja. Nikainama nikaangalia maungio. Nikasogea nikaangalia na upande wa pili. Sijui nilikaa dakika ngapi, abiria wananiangalia dirishani, na konda akapiga bodi akapaza sauti, "Mzee wangu, umeshachimba dawa au bado?"

Nikamwambia bado kidogo.

Asanteni sana, naona wali umeiva.